Je, wajua kwa nini fundi wa EPZ, eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje, hudai nyongeza ya mshahara kwa mtu asiyepanga bei?

Athi River, nje kidogo ya Nairobi, mafundi cherehani wa viwanda vya EPZ hushona nguo ambazo nyingi zimekuwa zikienda Marekani kupitia AGOA, mpango wa msamaha wa ushuru ulioanza mwaka 2000. Chama chao kikiketi na mwajiri, jibu ni lilelile: bei tunayolipwa hairuhusu nyongeza.

Inaudhi, lakini mara nyingi ni kweli. Bei hupangwa na kampuni yenye nembo, ambayo huenda haimiliki hata cherehani moja. Ikiona Kenya ni ghali, oda inayofuata itakwenda Bangladesh au Vietnam. Viwanda vinavyogombania oda ni vingi mno. Wanunuzi wakubwa ni wachache. Ndivyo utandawazi ulivyomnyang'anya mwenye kiwanda nguvu sokoni na kumwongezea mnunuzi. Faida ambayo chama kingeigombania haipo mezani. Iko ng'ambo, ambako mgomo wa Athi River hausikiki.

Kiwanda kilicholindwa na ushuru, kikiuza kitenge humu humu nchini, kiliweza kupandisha bei kidogo na mfanyakazi akapata fungu lake. Bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, nafasi hiyo ikaziba.

Tena si lazima kiwanda kihame, hofu yatosha. Tarehe 1 Januari 2005 uliondolewa mgawo uliokuwa ukizuia China na wengine kuuza nguo kupita kiasi katika nchi tajiri. Viwanda kadhaa vya Lesotho na Kenya vikafungwa. Aliyeshuhudia jirani akipoteza kazi hivyo hufikiria mara mbili kabla ya kugoma.

Bandari ni habari nyingine, kwa kuwa haihamishiki. Januari 1947 makuli na wafanyakazi wa reli wa Mombasa walipogoma pamoja na wenzao, mji ulisimama.

Basi mshonaji afanyeje? Kwangu mimi, dawa ni kumfuata mwenye nembo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh na kuua watu zaidi ya 1,100. Ndani ya wiki chache, vyama vya wafanyakazi vya kimataifa viliwatia wanunuzi kama H&M na Inditex katika mkataba wenye nguvu ya kisheria. Safari hii mwenye pesa alikuwa mezani. Mkataba ulihusu usalama wa majengo, moto na umeme. Mishahara haikuwemo.