Kadi za Mutombo: yasemwayo na yaliyopo

Tangu mchezaji wa kikapu Dikembe Mutombo alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58, swali ni lile lile: mtu amekuta kadi yake (kile kikaratasi kigumu chenye picha ya mchezaji ambacho watu hukusanya) kwenye boksi la zamani, ya msimu wa 1991-92, anauliza kama ametajirika. Nampenda sana mzaliwa huyu wa Kinshasa, kwa hiyo afadhali niseme ukweli wa kadi zake kabla mtu hajatapeliwa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kadi ikishakuwa ya zamani ni ghali. Mutombo alipoanza kuchezea timu ya Denver Nuggets, kadi zake zilitolewa kwa mkupuo na kampuni za Upper Deck, Fleer, Hoops na SkyBox. Marekani nzima ilikuwa na homa ya kadi. Watu walikuwa wamesikia kwamba kadi za besiboli za miaka ya 1950 zinauzwa kwa maelfu ya dola, wakawa wananunua maboksi mazima na kuyaweka bila hata kuyafungua. Kampuni nazo zikachapa bila kipimo. Zile za 1950 ziliadimika kwa sababu watoto walizichezea hadi zikachakaa, na zilizobaki zikatupwa na taka za nyumba. Hizi za 1991 hakuna aliyezitupa. Zimejaa hadi leo, na kadi ya kawaida ya Mutombo ya msimu huo huuzwa kwa dola chache tu.

Dhana ya pili ndiyo inayoniuma: mchezaji akiwa mkubwa, kadi yake nayo ni kubwa. Mutombo alikuwa mlinzi bora wa mwaka mara 4. Alizuia mitupo 3,289, na katika historia ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, aliyemzidi ni Hakeem Olajuwon peke yake. Lakini wakusanyaji wengi hulipia wafungaji, na kazi ya Mutombo ilikuwa kuwanyima wengine kufunga, kisha kuwatikisia kidole. Naona si haki, ila bei haingoji maoni yangu.

Nimemtaja Olajuwon, basi nimalizie lake. Kadi yake ya Fleer ya 1986-87 imeandikwa “Akeem”. Wapo wauzaji wanaosema hilo ni kosa la kiwandani, eti ndiyo maana ni adimu, wanapandisha bei. Si kosa. Hadi mwaka 1991 jina lake liliandikwa hivyo, na kadi zote za toleo hilo ziko vile vile.

Katika toleo hilo hilo imo kadi namba 57, ya Michael Jordan, ambayo wengi huitaja kuthibitisha kwamba bei za kadi hazishuki. Januari 2021 mbili za daraja la 10, daraja la juu kabisa la ubora wa kadi, ziliuzwa mnadani kwa dola 738,000 kila moja. Kabla mwaka haujaisha, nyingine za daraja lile lile zilikuwa zikienda kwa chini ya nusu.

Wengine husema: “Yangu inang'aa, lazima ni 10.” Ipeleke dirishani, uinamishe kidogo mwanga uipige kwa ubavu. Tazama pembe nne: nukta moja nyeupe ya karatasi iliyochubuka yatosha kuishusha. Pima kwa jicho ukingo wa kushoto na wa kulia kama vinalingana. Kadi zangu za mwanzo nilizifunga kwa mpira wa kufungia noti, na hadi leo ya juu na ya chini zina mkato mdogo pembeni. Hazitanyooka tena.

Bei anayoitaja muuzaji usiifuate. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chuja uone zilizokwisha kuuzwa, maana kuomba dola 500 kila mtu anaweza. Kuipeleka PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi na kuzipa daraja, wakaipime na kuifungia kwenye plastiki nako kuna ada, na kwa kadi ya Mutombo ya kawaida ada huizidi kadi yenyewe.

Yangu ya Upper Deck sijaipeleka. Nyuma ina ule mhuri wa hologramu, na ukiigeuza bado unabadilika rangi kama ilipotoka kwenye pakiti.