Pangaboi halitoi moshi: maswali na majibu kuhusu feni na taa za nyumbani

Nyumba ikishafika hatua ya kupitisha waya, fundi umeme huuliza kwa haraka: "Bosi, taa katikati na feni pembeni, sawa?" Mwenye nyumba, ambaye siku hiyo ana mawazo ya bei ya vigae, anajibu sawa. Ukuta unazibwa. Maswali ya afya huja baadaye, watu wakishahamia.

Jiko langu ni dogo na liko ndani. Nimefunga pangaboi, feni ya darini, ili moshi utoke, mbona nikikaanga samaki macho yanawasha mpaka sebuleni?

Pangaboi halitoi kitu. Linaichukua hewa iliyomo chumbani na kuizungusha, na moshi uliokuwa juu ya karai limeusambaza hadi kwenye mapazia. Unachohitaji ni feni ya kuvuta hewa, ile ndogo inayotobolewa ukutani na kusukuma hewa nje. Madukani wanaiita ekzosti.

Ifungwe juu, karibu na dari, upande ule ule wa jiko, na mbali na mlango au dirisha linaloingiza hewa. Nimeziona nyingi zimewekwa juu kidogo tu ya dirisha lililo wazi. Hapo feni inavuta hewa safi ya dirishani na kuirudisha nje, moshi umekaa pembeni unaitazama. Na hewa haitoki kama nyingine haiingii: mlango wa jikoni ukiwa umebana mpaka sakafuni, feni itanguruma bure.

Ukubwa nao una hesabu yake. Jiko la mita 3 kwa 2.5, lenye kimo cha mita 2.8, lina mita za ujazo 21. Kwa jiko la kupikia kila siku, piga hesabu ya kubadilisha hewa yote kama mara 15 kwa saa. Hiyo ni mita za ujazo 315 kwa saa, na namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Boksi likiwa limeandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha namba yake kwa 1.7.

Mvua ikinyesha tunaingiza jiko la mkaa ndani, lakini ekzosti tunaiwasha. Hapo si salama?

Hapana, na hapa sitaki kulegeza maneno. Mkaa ukishashika vizuri, ukawa mwekundu bila moshi, ndipo watu hudhani umekuwa salama. Unaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na wengine hawaamki. Umeme ukikatika usiku, feni inasimama na jiko linaendelea. Libaki barazani au uani, hata kama chai itachelewa.

Moshi wa kawaida wa kuni na mkaa nao unaua, ila polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, nyingi ya vifo hivyo vikitokana na moyo, kiharusi na mapafu.

Na gesi ya mtungi?

Haitoi moshi kama wa kuni, ila ekzosti iwashwe wakati wa kupika. Ikivuja, mambo yanageuka: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na feni yako iko juu darini. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, iwe ya feni au ya taa, maana cheche moja inatosha. Funga mtungi, fungua milango, toeni watoto nje.

Kila nikikaa sebuleni usiku kichwa kinauma. Mchana niko sawa. Ni macho?

Huenda, na kupimwa macho hakuna hasara. Lakini kwanza inua kichwa utazame dari. Taa yako iko juu ya mapanga ya feni? Feni inayozunguka mara 300 kwa dakika huzunguka mara 5 kwa sekunde, na kwa mapanga matatu kivuli kinakupita usoni mara 15 kila sekunde. Macho yanachoka, kichwa kinagonga. Kwa mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga ni hatari, kwa sababu mmweko wa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio unaosumbua zaidi. Dawa yake ni kuhamishia taa ukutani, au kununua pangaboi lenye taa chini ya mapanga.

Balbu za LED za bei ya kutupa nazo hupepesa bila jicho kutambua. Ielekezee kamera ya simu: ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, balbu hiyo ni ya kuibadilisha.

Nyeupe au ya njano?

Kwenye boksi la balbu, soma namba yenye herufi K, inayoonyesha rangi ya mwanga. Chumba cha kulala 2700 hadi 3000, ambayo ni njano, kwa kuwa mwanga mkali wenye ubuluu usiku huuchelewesha usingizi. Jikoni na mezani pa kusomea, 4000 na kuendelea. Ukiwa na mzee nyumbani, ongeza taa ya njia ya kwenda chooni. Macho ya miaka sabini yanahitaji mwanga mwingi kuliko yako.

Mama mkwe anasema feni itampa mtoto nimonia. Tuizime?

Mwambie kwa heshima kwamba nimonia huletwa na vijidudu, na feni haivizalishi. Ana hoja moja lakini: vumbi. Chukua foronya kuukuu, ivalishe panga moja moja kama unavyovalisha mto, kisha vuta taratibu. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kumwangukia mtoto. Upepo usimpige usoni moja kwa moja, na chandarua kibaki palepale, kwa sababu mbu husubiri umeme ukatike. Mtoto akihema haraka au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na kitanda cha dabodeka kisikae chini yake kabisa.

Bafuni tuna ekzosti na inafanya kazi, lakini dari imeota ukungu mweusi na mwanangu mwenye pumu anakohoa.

Panda ngazi, fungua dari uchungulie hewa inakoishia. Mara nyingi fundi hufunga feni darini bila bomba la kutokea nje, kwa hiyo mvuke wote wa kuoga umehamia juu ya mbao, na ukungu unashuka kutoka huko. Mwite arudi na bomba, alipitishe hadi ukuta wa nje. Akiwa hapo juu, abadilishe na ile taa ya bafuni iwe yenye alama ya IP44, isiyoingia maji yanayorushwa. Nyinyi mkimaliza kuoga, feni iachwe ikifanya kazi dakika 20.