Posho ya hatari hailipwi kila anayefanya kazi ubalozini

Wengi huamini kwamba mtumishi wa serikali ya Marekani akipangiwa nchi ngumu, mshahara wake huongezeka maradufu kwa ajili ya hatari. Si kweli.

Kwanza, kuna posho mbili tofauti. Ya mazingira magumu hufidia mambo kama hali ya hewa kali, huduma duni za afya, upweke wa kituo au uhalifu. Posho ya hatari yenyewe hutolewa pale penye vita, uasi au ugaidi unaoweza kumdhuru mtu mwilini. Kwa hiyo kituo kinaweza kuwa kigumu sana kisipewe hata senti ya hatari. Kila moja ina ukomo wa asilimia 35 ya mshahara wa msingi: mwenye dola 6,000 kwa mwezi hapati zaidi ya dola 2,100 za hatari, na hizo nazo hukatwa kodi.

La pili linaniuma zaidi. Posho hizi ni za Wamarekani. Walinzi, madereva na makarani walioajiriwa katika nchi ulipo ubalozi hulipwa kwa utaratibu wa mishahara ya nchi hiyo, ingawa geti wanalolinda ni lile lile. Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Nairobi na Dar es Salaam, Waafrika waliouawa walikuwa wengi kuliko Wamarekani mara nyingi, na miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa balozi hizo.