Wale watu wa ziwani wa Uswisi hawakuwa kabila moja

Ile picha ya kijiji kizima juu ya jukwaa katikati ya ziwa, watu wanavuka kwa daraja la mbao, inazunguka toka 1854. Baridi ile maji ya ziwa Zürich yalishuka sana, nguzo za kale zikaonekana pale Obermeilen, Ferdinand Keller, mtafiti wa mambo ya kale, akasema watu wa nguzo zile waliishi juu ya maji na wote ni Waselti, watu wa kale wa Ulaya. Uswisi ya katiba mpya ilikuwa na miaka 6 tu, kwa hiyo kupata mababu wa pamoja kulinoga kweli.

Sasa shida ni muda. Makazi yale ni ya kati ya 5000 na 500 KK hivi, yaani zaidi ya miaka elfu nne, jamii zinakuja zinapita, vyungu vyao havifanani kabisa, utawaitaje wote kabila moja? Walikuwa wakulima tu, wanapanda ngano wanafuga ng'ombe. Na nyumba nyingi zilijengwa ukingoni kwenye udongo laini, ndo maana ya zile nguzo, maji yakawa yanapanda na kushuka. Zilizosimama majini kweli zipo pia, mfano Fiavé kule Italia.