Bara Linalopasuka na Maji Tunayokunywa Arusha

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika ni uwanda wa juu, na upande wa mashariki uwanda huo unapasuka. Bamba la Nubia na bamba la Somalia, vipande viwili vikubwa vya ganda la dunia, yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, na mpasuko huo, yaani Bonde la Ufa, umetoka Afar nchini Ethiopia hadi Msumbiji. Katika tawi la magharibi limo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470. Tawi la mashariki, ambalo ndilo letu, lina maziwa ya kina kifupi na volkano nyingi.

Msafiri anayetoka Arusha kwenda Karatu hupita tambarare za Makuyuni bila kudhani kwamba yumo bondeni, mpaka afike Mto wa Mbu, ambapo ukuta wa ufa humsimamia mbele ghafla na barabara huanza kupindapinda ikiukwea.

Volkano za ukanda huu zina sodiamu nyingi kuliko kawaida. Ol Doinyo Lengai, ambayo haina mwenzake duniani miongoni mwa volkano hai, hutoa lava ya kaboneti (chumvi za jamii ya magadi) yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Ikitoka ni nyeusi, kisha hunyonya unyevu wa hewa na kuwa nyeupe. Mlima Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, hautoi lava ya namna hiyo, lakini miamba yake nayo ina sodiamu na floraidi, madini yanayoyeyuka majini, kwa wingi, huku kalisiamu ikiwa haba. Kalisiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeishika floraidi na kuituamisha. Kwa kuwa haitoshi, floraidi hubaki ndani ya maji hadi kisimani.

Floraidi hiyo ikizidi ndiyo asili ya meno ya kahawia, ambayo wengine bado wanayadhania kuwa uchafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na wanaoathirika zaidi ni watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo huiongeza, jambo ambalo wapishi wengi hawalijui.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa kuchuja madini haya. Maji ya mvua, yakikingwa kwenye tangi safi, huwa na floraidi kidogo sana. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo kila kisima kipimwe peke yake.