Je, wajua kwa nini picha ya kutoka Mikindani kwenda Ligula ilikwamishwa na mkongo uliokatika Afrika Kusini?

Jumapili ya Mei 12, 2024 dada yangu alikuwa Mikindani, mimi nikiwa Ligula, hapahapa Mtwara. Kati yetu ni kama kilomita 10, safari ya bajaji. Alimpiga picha mama akimenya mihogo, akanitumia kwa WhatsApp. Kale kasaa kadogo kakakaa palepale chini ya picha, hakakugeuka tiki. Akazima data, akawasha. Akazima simu yenyewe. Akajiunga bando jingine akidhani la kwanza limeisha, na hela ikaenda. Mwisho akanipigia simu ya kawaida. Ikaita hapohapo, sauti safi kabisa.

"Kaka, mbona kupiga napata, picha haiendi?"

Siku ile nilimjibu tu kwamba mtandao unasumbua. Swali lake lilistahili jibu bora kuliko hilo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta.

Kilichotokea ni kwamba mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zinazolazwa chini ya bahari, iitwayo EASSy na Seacom, ilikatika siku moja, kaskazini ya Durban. Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, ambaye pia alikuwa mbunge wa Mtama mkoani Lindi, aliutangazia umma kuwa hitilafu iko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kutoka Mtwara hadi Durban ni zaidi ya kilomita 2,000. Sasa picha ya mihogo, inayotoka Mikindani kuja Ligula, ilikuwa inakwenda kufanya nini huko?

Tuanze na simu iliyoita. Unapopiga simu ya kawaida, sauti yako hutoka kwenye simu hadi mnara wa jirani, kutoka mnara hadi mitambo ya kampuni yako ya simu iliyo hapahapa nchini, kisha hadi mnara wa yule unayempigia. Haivuki mpaka. Kutuma pesa kwa kubonyeza nyota, tarakimu na reli nako hakuhitaji intaneti wala bando, kwa kuwa hutumia njia ya mawasiliano ya ndani ya mtandao wa simu. Ndiyo maana hata mwenye kitochi anatuma.

Picha ya WhatsApp haina njia hiyo. Haitoki simu ya dada ikaingia simu yangu moja kwa moja. Kwanza inapelekwa, ikiwa imefungwa kwa ufunguo, kwenye seva, yaani kompyuta za kupokea na kutunza data, za kampuni ya Meta yenye WhatsApp, halafu simu yangu inaifuata huko. Majengo makubwa ya seva ambayo Meta imejijengea yapo kwa wingi Marekani, na mengine Ulaya, kama Luleå kule Sweden, Odense kule Denmark na Clonee kule Ireland. Afrika hakuna hata moja. Kwa hiyo mihogo ya mama ilitakiwa kutoka Mikindani, kupanda Mkongo wa Taifa hadi Dar es Salaam, kutumbukia baharini, kwenda ng'ambo, kisha kurudi njia hiyohiyo mpaka Ligula. Ndani ya mkongo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde moja, hivyo safari yote hiyo huisha kabla hujapepesa macho mara mbili. Kwa kuwa ni ya haraka, tunadhani haipo.

Hapa ndipo neno "wingu" linapotupotosha, na mimi silipendi. Watu wanasema picha zangu ziko kwenye wingu, na wengi hutazama juu. Wanadhani intaneti inashuka kutoka kwenye setilaiti, kama matangazo ya televisheni yanavyoshuka kwenye madishi. Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano ya data kati ya mabara hupita chini ya bahari, kwenye waya. Setilaiti za kale za mawasiliano ziko umbali wa kilomita karibu 36,000 juu ya ardhi. Ujumbe kupanda na kushuka tu huchukua kama robo ya sekunde, na nafasi yake ni ndogo sana ukilinganisha na mkongo. Hilo wingu ni nyumba yenye kompyuta, ina mwenyewe, ina anwani, na kuifikia lazima uvuke maji.

Mtu anayefuatilia mambo haya ataniuliza: intaneti si iliundwa ijitafutie njia nyingine, moja ikikatika? Ndiyo, iliundwa hivyo. Lakini sisi watu wa Kusini hatuhitaji kusimuliwa maana ya njia nyingine. Mei hiyohiyo, siku nane kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani yetu. Mvua ikamwagika, maji yakaikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa. Mabasi yakalala, malori yakapanga foleni pande zote mbili, na bei ya vitu madukani tukaiona wenyewe. Njia nyingine ilikuwapo: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, ndipo Dar. Safari ya chini ya kilomita 600 ikawa zaidi ya 1,500. Aliyekuwa na dharura na nauli alizunguka. Mwenye samaki kwenye barafu alibaki.

Mitambo ya intaneti hufanya vivyo hivyo. Kila mtambo huwaambia jirani zake ni njia zipi zinapitika na zipi hazipitiki, na data huanza kuzunguka. Tatizo ni upana wa njia iliyobaki. Data ya nchi nzima ikisukumwa kwenye njia nyembamba, foleni huwa ndefu, na kinachosubiri sana hutupwa. Simu inatuma tena, kinatupwa tena. Kasaa kale kanakaa palepale.

Na njia ya kaskazini nayo ilikuwa imeshaumia. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo. Inaaminika ilikatwa na nanga ya Rubymar, meli iliyokuwa imepigwa kombora la Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, ikawa inaelea bila nguvu, nanga ikiburuzika chini. Fikiria basi: kombora la Wahouthi lilitufungia mlango wa kaskazini mwezi wa pili, na mlango wa kusini ukaanguka mwezi wa tano. Dada yangu alikuwa anazima na kuwasha data Mikindani.

Mkongo wenyewe ukiuona hautaamini. Niliwahi kusimama na fundi aliyekuwa akiunga waya wa nchi kavu pembeni ya barabara ya Masasi. Alivua ganda la plastiki, akavua ganda la pili, akabaki na kitu kama unywele, kioo kitupu. Akakifuta kwa spiriti, akakata ncha yake kwa kifaa maalumu mpaka ikawa bapa kabisa, kisha akalaza ncha mbili ndani ya mashine ndogo ya mezani. Kwenye kioo cha mashine ncha zile zilionekana kama magogo mawili yakisogeleana. Cheche ya umeme ikapiga, magogo yakayeyuka yakawa gogo moja. Nilipotaka kuchungulia ncha ya waya mwingine alinizuia kwa mkono: mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyaumiza.

Mwanga hautoki nje ya kioo kile kwa sababu katikati ya unywele kuna kioo cha aina moja na pembeni kuna kioo cha aina nyingine kidogo. Mwanga ukigonga mpaka wa vioo hivyo viwili kwa pembe ya kulala, hurudi ndani. Unakwenda hivyo kilomita baada ya kilomita. Kila mwako na kila giza ni herufi, ni sauti, ni kipande cha mhogo.

Wa baharini ni nywele hizohizo chache, zikazungushiwa nyaya za chuma, neli ya shaba na plastiki. Kwenye kina kirefu unene wake wote ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Karibu na ufukwe huongezewa deraya za chuma na mara nyingi hufukiwa. Shaba hubeba umeme wa kuendesha vikuza mwanga vilivyowekwa kila baada ya kilomita 60 hadi 100, maana hata kioo safi namna gani, mwanga huchoka.

Mzee mmoja mvuvi pale kwenye pantoni ya Msangamkuu, nilipomweleza haya, aliniuliza kitu cha kwanza: "Mwanangu, papa hawaukati?" Meno ya papa yaliwahi kukutwa yamekwama kwenye mkongo karibu na visiwa vya Canary miaka ya 1980, kwa hiyo hakukosea kuuliza. Lakini papa ni wachache mno katika hesabu hii. Duniani hutokea hitilafu kama 150 hadi 200 kila mwaka, na nyingi kati yake zinatokana na nanga na nyavu za kukokota. Yaliyobaki ni matetemeko, maporomoko ya chini ya bahari na uchakavu. Mzee akatikisa kichwa, akasema nanga anaijua, imeshamng'olea nyavu zake.

Kinachonivutia zaidi ni namna wanavyopata mahali palipokatika bila kupiga mbizi. Kutoka ufukweni hutumwa mwanga wa mpigo mmoja ndani ya waya, nao ukifika penye kovu sehemu yake hurudi. Ukirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, umesafiri kilomita 2,000, kwenda na kurudi, basi palipokatika ni kilomita 1,000 kutoka ulipo. Meli inaelekezwa hapo. Inashusha ndoana kubwa ya chuma, inaburuza sakafu ya bahari mpaka inase, inapandisha ncha moja na kuifunga kwenye boya, inatafuta ya pili, halafu mafundi wanaunga kwa mashine ya aina ileile niliyoiona barabara ya Masasi. Meli za kazi hii ni chache. Léon Thévenin, iliyojengwa mwaka 1983 na yenye kituo chake Cape Town, huhudumia sehemu kubwa ya pwani za Afrika. Bahari ikichafuka, inasubiri. Wewe na bando lako mnasubiri nayo.

Jambo hili si geni kwenye pwani yetu kama tunavyodhani. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, waya wa simu za maandishi uliodumu ulilazwa chini ya Atlantiki kati ya Ireland na Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1879 waya wa namna hiyo ulishuka kutoka Aden hadi Zanzibar, ukapita bahari yetu kwenda Msumbiji na Durban. Njia za mikongo ya leo zinafuata karibu mkondo uleule: Seacom iliyowashwa mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010, yenye urefu wa kama kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Yote miwili inapanda nchi kavu Dar es Salaam na kwenye kijiji cha Mtunzini, Afrika Kusini. Majina mawili, lakini kule kusini wanapita mlango mmoja.

Kilichobadilika ni mwenye waya. Zamani zilikuwa serikali na kampuni za simu. Siku hizi Google ina mkongo wake, Equiano, kutoka Ureno hadi Afrika Kusini kwa upande wa magharibi. Meta ni mmoja wa wamiliki wa mkongo wa 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000 unaozunguka bara zima. Na siku chache tu baada ya kukatika kule kwa Mei 2024, Google ilitangaza Umoja, njia ya nchi kavu kutoka Kenya kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Angalia ramani hiyo uone ni nchi gani imerukwa. Mimi nafurahia kila mkongo mpya, kwa sababu njia nyingi ni bora kuliko moja. Lakini anayemiliki barabara, magari na soko la mwisho wa safari ana nguvu ambayo wabunge wetu wanapaswa kuijadili kwa uzito uleule wanaojadili gesi ya Mnazi Bay.

Na tusidanganyane kwamba bahari ndiyo tishio peke yake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Haikuhitajika nanga. Nchi yenye milango michache ni rahisi kufungwa, iwe kwa ajali au kwa amri, na muuza samaki wa Feri anaumia sawasawa kwa vyote viwili.

Yapo yanayowezekana. Dar es Salaam kuna TIX, mahali ambapo mitandao ya nchini hukutana na kupeana data bila kupitia ng'ambo. Kampuni kubwa zinaweza kuweka hapa nakala za huduma zao, na tayari nakala za video zinazotazamwa sana huwekwa karibu na watumiaji ili zisivuke bahari kila mara. Mtwara ina bandari yenye kina kirefu na barabara ya kwenda Songea na Malawi. Sioni kwa nini mkongo mmoja usipande hapa.

Ila ninaloliomba kwanza ni dogo kuliko hayo. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Mei 2024 korosho hazikuwa sokoni. Ingekuwa Oktoba au Novemba, maghala yakiwa yamejaa na wakulima wa Newala na Tandahimba wamekusanyika kusubiri bei, ingekuwa habari nyingine. Basi kila Septemba, kabla ya mnada wa kwanza, mafundi wa mfumo wafunge kwa makusudi njia zote za kwenda ng'ambo, waingize zabuni za majaribio kutoka Newala, Masasi na Nachingwea, na waone kama bei inatoka.