Mapato halisi ya nyumba ya kupangisha ni nini?

Mapato halisi ni kiasi kinachobaki katika mwaka mzima baada ya pango lililolipwa kweli kutolewa gharama zote za kuiendesha nyumba: matengenezo, bima, kodi ya jengo, malipo ya dalali au msimamizi, na bili ambazo mpangaji hazimhusu. Marejesho ya mkopo na kodi ya mapato hayamo humo. Hayo huja baadaye.

Wenye nyumba wadogo wengi, hasa waliojenga au kununua kwa akiba ya miaka mingi, pango la mwezi wanalo kichwani saa zote. Hiki kiasi cha pili hawajawahi kukiandika popote. Ndiyo maana mtu anaweza kupokea pango miaka kumi mfululizo, na siku paa likianza kuvuja anahangaika kutafuta mkopo.

Tuchukue nyumba inayopangishwa kwa 100 kwa mwezi, iliyonunuliwa kwa 12,000. Sitaji sarafu, kwa kuwa uwiano ndio tunaoutafuta. Kwa mwaka, ikikaliwa miezi yote, pango ni 1,200, yaani asilimia 10 ya bei. Muuzaji atakutajia hiyo 10 tu. Kuna pia kipimo cha haraka kinachopendwa na wawekezaji, kwamba pango la mwezi lifikie walau asilimia 1 ya bei ya nyumba, na nyumba yetu haikifikii, kwa kuwa asilimia 1 ya 12,000 ni 120. Kipimo hicho kinasaidia kuchuja nyumba zisizofaa kutazamwa. Kuamua kununua ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuijaze hesabu. Mpangaji mmoja anahama, nyumba inapakwa rangi, kitasa kinabadilishwa, mpangaji mwingine anatafutwa: mwezi mmoja umekwenda bila pango. Zimebaki 1,100. Matengenezo madogo ya mwaka yawe 120, bima 40, kodi ya jengo 60, msimamizi achukue asilimia 10 ya alichokusanya, yaani 110, na taa za nje pamoja na uzoaji taka 30. Jumla ya gharama ni 360. Mapato halisi ni 740.

Ukisimamia mwenyewe, ile 110 iache kwenye hesabu. Simu za usiku za bomba lililopasuka ni kazi, na siku ukiugua au ukisafiri utamlipa mtu aifanye. Nyumba isiyoweza kumlipa msimamizi inasimama kwa jasho lako lisilolipwa, na ni vizuri ulijue hilo mapema.

Kipengele kinachosahaulika kuliko vyote ni akiba ya vitu vikubwa. Tuseme paa hudumu miaka 20 na kulibadilisha ni 2,000. Basi kila mwaka unaopita nyumba inakudai 100, hata kama hakuna fundi aliyepanda juu. Wahasibu wengine huiweka akiba hii nje ya mapato halisi, na ukisoma hesabu ya mtu mwingine muulize kwanza ameiweka wapi. Kwa mwenye nyumba mdogo mimi nasema itolewe kila mwaka bila huruma, ikae kwenye akaunti yake, kwa sababu hana majengo 50 ya kubebana. Tukiitoa, 740 inakuwa 640. Gawa kwa bei ya 12,000: asilimia 5.3. Ile 10 ya muuzaji imebaki nusu na kidogo, na hapo hatujakutana na mpangaji msumbufu.

Amana ya mpangaji haimo kabisa kwenye hesabu hii. Ni fedha yake, unamtunzia. Na pango likilipwa kwa mkupuo, ligawe kwa miezi yake. Usilione lote kuwa la mwezi uliolipokea.

Mkopo ndio unaowachanganya watu. Tuseme nusu ya bei, 6,000, ilikopwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ilipwe kwa miaka 15. Marejesho ni kama 64.50 kwa mwezi, karibu 774 kwa mwaka. Mapato baada ya akiba ni 640, kwa hiyo mwenye nyumba anaongeza 134 kutoka mfukoni kila mwaka, ilhali nyumba inakaliwa na mpangaji analipa vizuri. Je, anapata hasara? Si lazima. Katika marejesho ya mwezi wa kwanza, 50 ni riba na 14.50 hivi ndiyo inayopunguza deni. Kwa mwaka wa kwanza deni hushuka kwa takriban 182. Hiyo 182 haijapotea, imo ndani ya nyumba yake. Lakini haiwezi kumlipa fundi wala ada ya mtoto. Kupata faida na kuwa na fedha mkononi ni mambo mawili, na ambao nyumba zao huuzwa na benki kufidia deni mara nyingi ni wale waliokosa hilo la pili. Wakopeshaji wa majengo ya biashara hulielewa vyema: wengi hutaka mapato halisi yawe angalau mara 1.2 ya marejesho. Hapa 740 haifikii hata mara 1. Mnunuzi huyu angekopa pungufu ya hapo, au angeomba bei ishuke.

Hesabu hii inasaidia pia unapofikiria kupandisha pango. Ukitoka 100 kwenda 105 na mpangaji mzuri akahama, mwezi mmoja wa nyumba kukaa wazi umekugharimu 100. Nyongeza ya 5 itachukua miezi 20 kuirudisha, bila kuhesabu rangi na dalali. Mpangaji anayelipa kwa wakati na anayekupigia simu bomba linapoanza kudondosha, kabla ukuta haujalowa, anapunguza ile 120 ya matengenezo kimyakimya. Mimi ningemwongezea kidogo sana, na ningezungumza naye kabla ya kumpa barua.

Ukiwa unanunua nyumba yenye wapangaji tayari, omba mikataba yao, risiti za pango na bili za miaka miwili iliyopita. Muuzaji akikuonyesha miezi 12 kamili kila mwaka na matengenezo sufuri, futa tarakimu zake. Weka mwezi mmoja wa kukaa wazi, weka gharama zako, panda uangalie paa lina umri gani, kisha upige hesabu upya kabla ya kutaja bei.